Mama Naye ni Mgonjwa

Kidonge kimoja cha nevirapini uchungu unapoanza, kisha matone machache kwa mtoto kabla hajatimiza saa 72. Utaratibu huo ulijaribiwa katika Hospitali ya Mulago, Kampala, na matokeo yakachapishwa Septemba 1999. Miongoni mwa viongozi wa utafiti alikuwa Profesa Francis Mmiro, bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi wa Chuo Kikuu cha Makerere. Watoto walipofikisha wiki 14 hadi 16, waliokuwa wameambukizwa VVU ni asilimia 13.1. Katika kundi la akina mama waliopewa zidovudini ya muda mfupi, walikuwa asilimia 25.1.

Ni vigumu leo kueleza habari ile ilikuwa na uzito gani. Miaka mitano nyuma, utafiti wa Marekani na Ufaransa ulishaonesha kwamba zidovudini hupunguza maambukizi kwa mtoto kwa theluthi mbili, lakini ilitakiwa vidonge vya miezi kadhaa, dripu wakati wa uchungu na dawa ya mtoto kwa wiki sita. Wodi ya wazazi ambayo wajawazito wanalala wawili kitandani ingeyatoa wapi hayo? Kidonge cha Mulago mkunga aliweza kukiweka kabatini.

Hata hivyo kidonge kile kilimwacha mtu mmoja nyuma. Kilimkinga mtoto, lakini mama alirudi nyumbani na VVU vyake, na wengine wakarudi na virusi vilivyoanza kuwa sugu kwa dawa ile ile. Kwa miaka mingi huduma hii ilimtazama mwanamke kama njia ya kumfikia mtoto. Kwangu mimi, ubora wa daktari wa uzazi anayeshughulikia VVU hupimwa hapo: je, anamwona mama naye kuwa ni mgonjwa wake?

Malawi ilijibu swali hilo kwa vitendo mwaka 2011, ilipoamua kwamba kila mjamzito mwenye VVU aanze ARV na asiache maisha yake yote, bila kusubiri kinga yake ishuke. Tanzania ilifuata mwaka 2013. Bila dawa yoyote, watoto kati ya 15 na 45 katika kila 100 wanaozaliwa na akina mama wenye VVU huambukizwa tumboni, wakati wa kujifungua au kwa kunyonya. Mama akinywa dawa vizuri, wanashuka hadi chini ya watano.

Kwa hiyo kazi ya daktari imehama. Zamani vita ilikuwa ndani ya chumba cha kujifungulia. Siku hizi, mama mwenye virusi vilivyofubaa hujifungua kwa njia ya kawaida na mtoto hupokelewa kama mtoto mwingine yeyote. Daktari hukuna kichwa pale anapoletwa mama wa wiki 37 mwenye virusi vingi, au ambaye hajawahi kupimwa. Kumfanyia upasuaji kabla chupa haijapasuka kunaweza kumpunguzia mtoto hatari, lakini kidonda cha upasuaji nacho kina hatari zake, hasa hospitali ikiwa haina damu ya kutosha wala viuavijasumu vya uhakika. Uamuzi huo haufanywi kwa kusoma mwongozo tu.

Shida kubwa zaidi huja baada ya kujifungua. Mama anakwenda kwao kulelewa uzazi, mkoa mwingine kabisa, na dawa zinaisha akiwa huko. Au yuko kwa mama mkwe, anaogopa kopo lisisikike likicheza, anahamishia vidonge kwenye kitambaa. Mtoto ananyonya, dawa inarukwa, virusi vinapanda tena. Daktari anayemuuliza, “Mama, dawa unaziweka wapi ukiwa ukweni?” anatibu zaidi kuliko anayeandika tu tarehe ya kurudi.

Na VVU haviji peke yake. Hapa Mwanza inastahili heshima kuliko inayopewa. Utafiti uliofanyika vijijini mkoani humo na kuchapishwa mwaka 1995 ulionesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa katika zahanati za kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takribani asilimia 40. Mwaka 2002 ukatoka mwingine, wa kaswende. Kati ya wajawazito waliokuwa na kaswende kali isiyotibiwa, mmoja katika kila wanne alizaa mtoto mfu. Miongoni mwa wanawake ambao hawakuwa wamepimwa kaswende katika mimba ile, nusu ya vifo vya watoto tumboni vilitokana na ugonjwa huo. Waliotibiwa walipewa sindano ya penisilini ya benzathini mara moja tu, na mimba zao zikaendelea salama kama za wasio na kaswende.

Hilo ndilo linaloniumiza. Ugonjwa ni wa zamani, dawa yake ni ya bei nafuu, na damu ya kupima VVU ndiyo ile ile ya kupima kaswende. Siku hizi kuna kipimo kimoja cha haraka kinachosoma yote mawili kwa tone moja la kidoleni. Mama kupewa majibu ya VVU, kisha akaambiwa vipimo vya kaswende vimeisha, ni uzembe wa mfumo, na mtoto ndiye anayeulipia. Mlango wa kizazi nao unasahauliwa, ingawa mwanamke mwenye VVU ana hatari ya saratani yake mara sita kuliko asiye navyo, na uchunguzi wa kupaka siki huchukua dakika chache.

Kisha kuna mume. Mjamzito aliyetibiwa kaswende anaweza kuambukizwa tena wiki hiyo hiyo kama mwenzake hakuchomwa sindano. Aliyepimwa VVU mwezi wa tatu akakutwa hana, anaweza kuvipata mwezi wa saba au akiwa ananyonyesha, na maambukizi mapya huja na virusi vingi sana. Ndiyo maana kipimo hurudiwa, na ndiyo maana daktari huomba baba aje. Lakini kliniki hufunguliwa asubuhi, saa ambazo mvuvi ndiyo kwanza ametoka ziwani na kijana wa bodaboda anatafuta hesabu ya bosi. Wapimaji wawafuate jioni, kwenye mialo na vijiweni, wakiwa na kipimo hicho cha tone moja na penisilini ndani ya begi.