NDEGE HUPIMWA KWANZA, HURUSHWA BAADAYE



Wengi wenu mlikuwapo Siku ya Vijana wakati ile ndege yetu ya rimoti ilipopaa, ikainua pua juu kama inataka kukaa kwa mkia, kisha ikaanguka kwenye maharagwe nyuma ya kanisa. Tangu hapo tunaulizwa kila Jumapili: "Iliangushwa na nini, na injini ilikuwa inanguruma vizuri?" Sasa vijana wameshaunda nyingine. Basi tujibu swali hilo, tena tueleze jinsi ya kupima ili jambo lile lisirudi.

Ndege yenyewe ni mfano wa Piper J-3 Cub, ndege ya Marekani ya miaka ya 1930, iliyopunguzwa mpaka robo ya ukubwa wake. Mabawa yake yana urefu wa mita 2.7 kutoka ncha hadi ncha. Uzito wake ni kilo 8, na injini ni ya petroli, ndogo kama ya pawasoo. Kwa hivyo si mchezo wa watoto. Kilo 8 zikishuka kwa mwendo wa pikipiki zinaweza kumuua mtu.

Kitovu cha uzito ni nini?

Anayeendesha mkokoteni wa punda anajua jambo hili bila kwenda shule. Ukipakia mzigo wote nyuma ya ekseli, mikono ya mkokoteni inainuka na ukanda unamkaba punda tumboni. Ukipakia wote mbele, uzito unamlemea shingoni. Mzigo ukikaa mahali pake karibu na ekseli, punda anavuta tu. Pale ambapo uzito wote unasawazika, mbele na nyuma zikawa sawa, ndipo tunapaita kitovu cha uzito.

Ndege nayo ni hivyo, ila haina ekseli hewani. Inabebwa na mabawa. Kwa ndege nyingi za aina hii, kitovu kinatakiwa kuwa kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele kwenda nyuma. Bawa la Cub yetu lina upana wa sentimita 40 kuanzia mwilini mpaka karibu na ncha. Basi kitovu kiwe kati ya sentimita 10 na 13 nyuma ya ukingo wa mbele. Kwa bawa linalopungua upana kuelekea nchani, hesabu hufanywa kwa upana wa wastani, na michoro ya ndege kwa kawaida huonyesha mahali penyewe.

Kitovu kikiwa mbele mno, ndege ni nzito puani. Itakuwa mvivu kupaa na itatua kwa kasi, lakini mara nyingi utaweza kuirudisha chini. Kikiwa nyuma mno, mambo ni mengine. Ukigusa rimoti kidogo tu, pua inaruka juu. Ukiirudisha, inazama kupita kiasi. Pua ikipanda sana bawa linapoteza uwezo wa kubeba, na ndege inaanguka hata kama injini iko na nguvu zote. Hayo ndiyo mliyoyaona.

Namna ya kupima

Ndege ndogo unaweza kuiinua kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa ukaangalia inainamia wapi. Hii kubwa haiwezekani. Ni nzito, vidole vinatetemeka, na unaweza kutoboa bawa. Sisi tunatumia mizani ya jikoni, ile ya kilo 5, namna hii:

1. Weka kila kitu ndani ya ndege kama itakavyoruka: betri, injini, rafadha na vifuniko. Tangi la petroli liwe tupu. Kwa ndege yetu tangi liko mbele ya kitovu, kwa hivyo mafuta yakiisha angani kitovu kinarudi nyuma. Tupime hali ile mbaya zaidi.

2. Weka mzani chini ya kila gurudumu, mawili ya mbele na lile dogo la mkiani. Inua mkia kwa stuli mpaka ndege ilale sawa kama inavyoruka. Ukiwa na mzani mmoja tu, hamisha, lakini magurudumu mengine yawekwe juu ya mbao za kimo kile kile.

3. Andika uzito. Kabla ya ajali yetu tulipata kilo 3.6 kila gurudumu la mbele na kilo 0.8 mkiani. Jumla kilo 8.

4. Pima umbali kutoka ekseli ya mbele hadi gurudumu la mkia. Kwetu ni sentimita 120.

5. Zidisha uzito wa mkiani kwa umbali huo, kisha gawanya kwa uzito wote. 0.8 mara 120 ni 96. Gawanya kwa 8, unapata 12. Kitovu kiko sentimita 12 nyuma ya ekseli. Kwetu ekseli iko chini kabisa ya ukingo wa mbele wa bawa, basi hizo ni sentimita 12 za bawa pia. Ndege ilikuwa sawa.

Sasa, kosa lilitoka wapi?

Tulipima, ni kweli, lakini mapema mno. Siku tatu kabla ya sherehe mkia ulivunjika tukiisafirisha kwa pikapu. Vijana wakaurekebisha usiku kwa plaiwudi, gundi nyingi na rangi mara mbili. Kazi ikapendeza. Hakuna aliyerudisha ndege kwenye mzani, na sisi wakubwa hatukuuliza, kwa sababu kadi za mwaliko zilikuwa zimeshatoka.

Tulipookota vipande na kuupima mkia, ulikuwa umeongezeka gramu 300. Mtu atasema gramu 300 ni kitu gani? Fanya hesabu ile ile: mkiani kilo 1.1, jumla kilo 8.3. Kitovu kilikuwa kimesogea mpaka karibu sentimita 16. Hiyo ni asilimia 40 ya bawa, nje kabisa ya mpaka.

Mkia uko mbali, na ndiyo maana uzito kidogo pale una nguvu kubwa. Kutoka kitovu hadi mkiani ni sentimita 108, lakini hadi puani ni kama 40 tu. Kwa kila gramu 100 za mkiani unahitaji gramu 270 puani. Kuzisawazisha zile 300 tungehitaji karibu gramu 800 za risasi, na ndege ingekuwa nzito zaidi. Kwa hivyo kwanza punguza mkiani, pili sogeza betri mbele, na risasi iwe ya mwisho, ikifungwa kwa skrubu isije ikateleza angani.

Watoto wa Utoto Mtakatifu walikuwa wamekaa hatua ishirini tu kutoka pale ndege ilipoanguka. Tunamshukuru Mungu, lakini tusimwachie kazi ya mizani.

Tumekubaliana na vijana hivi: ndege ikiguswa, hata kwa rangi, inapimwa upya. Hesabu inaandikwa kwenye daftari na watu wawili wanatia sahihi. Watazamaji watakaa mbali, nyuma ya anayerusha. Na kabla ya kuirusha tena tutafuata kanuni za mwaka 2020 za vyombo vinavyoruka bila rubani, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya.

Kijana aliyeongoza ukarabati ule alitaka kuacha kikundi kwa aibu. Tulimwambia kosa lilikuwa letu sote. Leo yeye ndiye anayeshika daftari, na juzi alikataa ndege isitoke kwa sababu ya sentimita moja. Mkimkuta karakana, mpeni mkono.