Motokari ya mfalme ilishinda na rangi yake iliyopasuka

Siku ya posho mchana, hapa Lubumbashi, vijana wenye ndoo na sabuni hawakosi kazi. Unawaachia motokari yako, wanasugua mpaka kapo inakuwa kioo, na kesho yake unaingia nayo kwenye ndoa, watu wanageuka kuangalia. Kwetu, gari zuri ni gari linalong'aa. Kama rangi imechoka, unapita kwa sudere, kisha kwa mpiga rangi, mambo yanaisha.

Njo maana habari ya Pebble Beach, kule California, Marekani, ilitusimamisha. Tarehe 18 mwezi wa nane mwaka wa 2024, kwenye majani ya uwanja wa gofu ulio kando ya bahari, zaidi ya motokari 200 za zamani zilipangwa mistari mistari, nyingi zimepigwa rangi upya mpaka unaweza kunyolea ndevu ndani yake. Tuzo kubwa ya siku ilipewa gari jeusi lenye rangi iliyopasuka na kuchubuka, Bugatti Type 59 Sports ya mwaka wa 1934. Tangu mashindano hayo yaanze katika 1950, hakuna hata gari moja la kundi la zile zilizotunzwa bila kufanywa upya lililowahi kushika nafasi ile.

Na rangi ile nyeusi, yenye mstari wa manjano, iliwekwa kwa ajili ya nani? Leopold wa tatu, mfalme wa Wabelgiji. Mfalme wa babu zetu, wapende wasipende.

Lakini kwanza tueleze juri wanafanya kazi namna gani, kwa sababu wengi wanafikiri ni kutembea tu, kunywa shampanye na kuchagua gari linalopendeza macho. Zamani ilikuwa karibu hivyo. Concours d'élégance ni mchezo wa Wafaransa: katika miaka ya 1920 bibi wa Paris alishuka garini na kofia na manyoya yake, na juri waliangalia nguo, umbwa na karoseri kwa pamoja. Wamarekani waliuchukua mchezo, wakauwekea hesabu. Hata wao, mwanzoni, walikuwa wakipa tuzo motokari mpya. Ni katika 1955 ndipo Pierce-Arrow ya 1931 ilishinda, ikiletwa na kijana Phil Hill, yule aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa Formula 1 katika 1961. Tangu hapo wazee wa magurudumu wakapata heshima.

Leo kila gari linafika mbele ya juri likiwa na pointi 100, na kazi ya juri ni kuzipunguza. Mwenye gari anawasha moteri mbele yao. Anawasha fari, anapiga klaksoni. Wanainama na torshi, wanaangalia mipira, nyaya, mabomba, mpaka visi. Ndiyo, visi! Visi ya kichwa cha msalaba ilianza kutumika kwenye motokari huko Marekani katika 1936, kwenye Cadillac. Basi, ukileta gari la Ufaransa la 1934, na juri anakuta visi ya msalaba kwenye mlango, amekwisha kujua kwamba mkono wa mtu mwingine umepita pale. Hauhitaji kusema kitu, turnevisi imekwisha kusema.

Juri wengine wanaangalia uzuri peke yake: mistari ya karoseri, namna gari linavyosimama. Gari linaloshinda katika kundi lake tu ndilo linaweza kugombea tuzo kubwa. Na siku ya alhamisi kabla ya mashindano kuna safari ya barabarani. Magari mawili ya kundi moja yakilingana pointi, lile lililomaliza safari linapita. Kanuni hii tunaipenda. Motokari isiyotembea ni kabati tu.

Kuna wengine wanaokaza zaidi. Wapenzi wa Chevrolet Corvette huko Marekani wana chama chao, NCRS, chenye karatasi ya pointi 4.510, na tuzo yao ya juu inaanzia asilimia 94. Kwao, gari linapaswa kuwa kama lilivyotoka kiwandani, na kama kiwanda kiliacha rangi vibaya mahali fulani, hata wewe uiache vibaya mahali palepale. Ukilifanya lipendeze kuliko kiwanda, unapoteza pointi. Mekanisie wa kwetu akisikia hii atacheka: "Banalipa mutu juu ya kuacha makosa?"

Lakini mekanisie huyo huyo tunamwonea huruma mbele ya juri wale. Toyota ya miaka 30 inayopanda barabara ya Kasenga asubuhi ina piesi za magari matatu ndani yake, waya ya umeme iliyofungwa na mpira wa chambre à air, na kiti kilichoshonwa sokoni. Juri wa Pebble Beach angemaliza pointi zote 100 kabla hajafika kwenye moteri. Na bila mikono ile, gari lile lingekuwa limelala shimoni tangu zamani. Hatusemi juri wanakosea. Tunasema karatasi yao haina mstari wa kuandika akili ya mtu aliyekosa piesi.

Turudi kwa ile Bugatti, kwa maana hapo ndipo kuna mambo.

Ilitoka Molsheim, Alsace, ikiwa gari la mashindano ya Grand Prix, moteri ya silinda nane. Bugatti za mashindano zilikuwa za buluu, rangi ya Ufaransa. Katika 1934 Type 59 ilishinda Grand Prix ya Ubelgiji, kule Spa, René Dreyfus akishika volani. Baadaye kiwanda kikaigeuza hii kuwa gari la sport, na mwishoni mwa miaka ya 1930 ikauzwa kwa mfalme. Yeye akataka nyeusi na mstari wa manjano.

Fikiri sasa wewe ndiye umelinunua gari hili. Katika 2020, London, liliuzwa kwa mnada pondi za Uingereza zaidi ya milioni 9. Una pesa ya kulipa mafundi wazuri kabisa. Desturi ya miaka mingi ilikuwa moja: rudisha gari kwenye siku zake za utukufu. Maana yake kwangua nyeusi, weka buluu, weka namba ya Grand Prix. Lingependeza sana. Na mfalme angetoka kwenye motokari ile kama vile hakuipanda hata siku moja.

Mkusanyaji wa Uswisi anayelimiliki, Fritz Burkard, hakufanya hivyo, na juri wakamkubalia. Tunaona walifanya vizuri, ingawa pengine si kwa sababu wanayoifikiria wao. Watu wa Ulaya wakitazama rangi ile wanaona patine, ladha ya uzee. Sisi tunasoma tarehe.

Leopold wa tatu si yule wa pili, wa mpira na mikono iliyokatwa. Ni mtoto wa Albert, na Albert alikuwa mtoto wa ndugu ya yule wa pili. Mama yake ni Élisabeth, ambaye mji wetu ulibeba jina lake. Bibi yake, Astrid, alikufa Uswisi katika 1935 kwa aksida ya motokari, mfalme mwenyewe akiendesha. Butare ya Rwanda ikaitwa Astrida. Alipanda kitini kwa ufalme mwezi wa pili 1934, akatoka mwezi wa saba 1951. Sasa weka kando yake mtu mwingine: Simon Kimbangu, aliyekamatwa katika 1921, akahukumiwa kufa, Albert akaigeuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Alifungwa hapa, Élisabethville, akafia hapa tarehe 12 mwezi wa kumi 1951. Utawala mzima wa Leopold wa tatu, tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, Kimbangu alikuwa gerezani. Mfalme alipokuwa akichagua mstari wa manjano, huku kwetu watu walikuwa wakilimishwa pamba kwa lazima.

Rangi ingekwanguliwa, swali lisingekuwapo. Kungekuwa na gari la buluu la Wafaransa, mshindi wa Spa, mwisho wa hadithi. Kwa kuwa rangi imebaki, mtoto anayesoma anaweza kuuliza mfalme huyu ni nani na alikuwa anatawala nani.

Kwetu Katanga bado kuna magari ya wazee nyuma ya nyumba, chini ya mwembe: Peugeot 404, Mercedes ya baba aliyefanya kazi kwenye shaba, kobe wa Volkswagen. Watoto wakipata franga kidogo, wanakimbilia rangi. Tunawaomba kitu kimoja: kabla ya kukwangua, pigeni picha pande zote, chini pia. Tafuteni karte rozi ya zamani na fakture, muziweke pamoja. Kisha mumuulize mama, kama yuko, ile alama ya kubonyea kwenye mlango wa kushoto ilitoka wapi. Mara nyingi anajua, na mara nyingi hakuna aliyemuuliza.