Helmeti ya Pili Haina Kwao
Kule Kiplombe, pembezoni mwa Eldoret, pikipiki ni mkokoteni kwanza, teksi baadaye. Asubuhi keria hubeba mitungi ya maziwa. Wakati wa mavuno, gunia la mahindi. Abiria huchukuliwa katikati ya shughuli hizo. Je, helmeti yake itakaa wapi?

Kifungu cha 103B cha Sheria ya Trafiki, kilichoingizwa mwaka 2012, kinamtaka mwendeshaji ampe abiria helmeti na jaketi lenye viakisi, naye abiria avae. Pa kuiweka asipokuwa na abiria, ni shauri lake.

Basi wengi huitundika kwenye kioo cha pembeni. Hilo ndilo kosa lisiloonekana. Ndani ya helmeti mna tabaka jeupe, jepesi, kama lile linalofungashiwa televisheni mpya. Kazi yake ni kupondeka ili fuvu lisipondeke, na likishabonyea halirudi. Kioo hulichimba kila siku kwa kila tuta, huku gamba la nje likiendelea kung'aa. Tafiti zilizokusanywa na shirika la Cochrane mwaka 2008 zilionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa ajalini kwa takriban asilimia 42. Lakini hapo ni helmeti nzima iliyo kichwani, si ile iliyovishwa kiwikoni mwa dereva, mtindo ninaouona sana na ambao hulinda kiwiko tu.

Kuifunga kwenye keria kwa mpira wa tyubu ni afadhali, mradi mipira ipishane juu yake na mkanda wa kidevuni ufungwe. Mkanda unaopepea ukinaswa na spoki, gurudumu huumeza na helmeti nzima. Iwe mbali na ekzosi, na mbali na petroli, maana petroli hudhoofisha gamba. Kuhusu wezi, kufuli iliyofungwa kwenye mkanda hushindwa na wembe. Kwa helmeti inayofunika uso mzima, pitisha mnyororo kwenye uwazi wa uso.

Siku ya mitungi, hata mpira hausaidii. Fundi wa jua kali aliyechomelea keria anaweza kuongeza pete ya nondo nyuma yake, ikiwa imeinuka juu ya mzigo. Helmeti ikae hapo mdomo ukiangalia chini, la sivyo mvua ya alasiri itaijaza, na abiria anayelalamikia harufu ya helmeti atavishwa sifongo iliyolowa.