Umbali wa Safari na Wepesi wa Ndege

Ndugu Waislamu, kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 830 kwa barabara ipitayo Makambako, Iringa na Morogoro. Basi hutoka alfajiri likafika jioni au usiku. Ndege hukata moja kwa moja juu ya milima, kilomita zisizotimia 700, kwa muda wa saa moja na robo au saa moja na nusu hivi. Kwa mwendo wa misafara ya zamani, marhala moja kwa siku, njia hiyo ya barabara ni safari ya siku kama 20.

Kwa ajili ya wepesi huo, wako wadhanio kuwa aliyepanda ndege si msafiri, maana hakuchoka. Wengine hudhani kuwa kila aliyechoka njiani ni msafiri. Dhana zote mbili si sahihi katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi. Ruhusa ya kupunguza sala, iliyotajwa katika Sura An-Nisaa, aya ya 101, hupimwa kwa umbali, si kwa saa wala kwa machovu. Umbali wenyewe ni marhala mbili, nazo wanavyuoni wa zama zetu wamezikadiria kati ya kilomita 80 na 90. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika kitabu chake Minhaji kuwa mtu akiumaliza umbali huo baharini kwa saa moja tu, hupunguza sala. Yeye hakuiona ndege, lakini jibu lake lamtosha abiria wa leo.

Tazameni mfano wa hapa kwetu. Tukuyu ni kadiri ya kilomita 70, na gari lenye kusimama kila kituo katika milima ile huweza kukawia kuliko ndege ya Dar es Salaam. Hata hivyo, aendaye Tukuyu husali rakaa nne, na aliyemo katika safari ya Dar es Salaam ana ruhusa ya rakaa mbili.

Na ruhusa huanza lini? Huanza mtu akishayapita majengo ya mji wake. Kiwanja cha zamani cha Mbeya kilikuwa ndani ya mji, basi aliyengoja ndege pale alikuwa bado yumo mjini kwake. Tangu mwaka 2012 ndege hutua Songwe, nje ya jiji. Aliyekwisha kuyaacha majengo ya mji wake aweza kupunguza na kukusanya sala akiwa kiwanjani.

Jambo hili lina uzito. Dar es Salaam iko mashariki yetu, na jua huchwa huko kabla ya Mbeya kwa dakika 20 na ushei. Arukaye saa 11 na nusu jioni huliacha jua lingali juu, naye hushuka Magharibi imekwisha kuingia. Asiposali Alasiri kabla ya kupanda, huenda ikampita. Naye abiria wa basi atakaye kuiahirisha Adhuhuri aisali pamoja na Alasiri, yampasa atie nia hiyo kabla wakati wa Adhuhuri haujatoka. Kulala tu mpaka wakati upite si kukusanya.

Tukumbuke pia kuwa Alfajiri na Magharibi hazipunguzwi. Katika Ramadhani, aliyepambazukiwa mjini kwake hali amefunga, kisha akasafiri mchana, huikamilisha saumu ya siku ile. Na aliyenuia kukaa Dar es Salaam siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, hukatikiwa na ruhusa tangu afikapo.

Basi, ndugu, mtu akatapo tikiti na aitazame saa ya kuondoka pamoja na saa ya sala. Na mwenye shaka amwulize mwenye elimu kabla ya kuondoka. Wallahu aalam.