Fahamu: Kwa nini mkopo wa hifadhi uanzie kijijini

Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 za mradi wa REGROW, kukuza utalii wa kusini mwa Tanzania, Hifadhi ya Mikumi ikiwemo. Wanavijiji wa jirani na Hifadhi ya Ruaha wakalalamikia kuhamishwa, kukamatiwa mifugo na ukatili wa askari wa hifadhi. Aprili 2024 benki ilisitisha malipo. Novemba mradi ukafutwa. Lakini kufunga mfuko hakurudishi ng'ombe. Maridhiano yalipaswa kutangulia fedha.

Wapo wanaosema mipaka ni kazi ya serikali, benki hukopesha tu. Hata hivyo, kanuni za benki yenyewe zinataka waathirika washirikishwe. Wengine husema wanavijiji hawa hawahitaji ulinzi wa pekee, kwani Watanzania wote ni wenyeji. Ni kweli, ila hasara haigawanywi sawa. Kilosa, wilaya iliyo jirani na Mikumi, inalijua hilo: Desemba 2000, mgogoro wa wakulima na wafugaji uliua watu 38 katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni. Panapogombewa ardhi, kila mradi unaoibana zaidi huchochea moto. Hivyo hati za ardhi za kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, fidia na njia za malalamiko ziwe sharti la mkopo, zisiwe tiba ya baadaye.