Uhandisi wa kilimo: Mwaka wa kwanza ndio kigingi

KILA mara matokeo ya KCSE yanapotangazwa, mjadala huanza katika maboma mengi ya wakulima. Mtoto amepata alama nzuri na anataka kusomea uhandisi, naye mzazi anapiga hesabu ya ng'ombe watakaouzwa ili karo ipatikane. Shahada ya uhandisi huchukua miaka mitano katika vyuo vikuu vya humu nchini, mwaka mmoja zaidi ya shahada nyingine nyingi. Kwa familia ya mkulima wa kawaida, huo ni uwekezaji mkubwa kuliko mashine yoyote iliyowahi kununuliwa shambani.

Hata hivyo, wazazi wengi huuliza kuhusu mwisho wa kozi, yaani kazi na mshahara, na kusahau kuuliza kuhusu mwanzo wake. Mwaka wa kwanza ndio humtenga mwanafunzi aliyejiandaa na yule aliyevutiwa na jina la kozi tu. Mzazi akifahamu kinachosomwa mwaka huo, na sababu ya kusomwa kwake, anaweza kumsaidia mtoto wake mapema, au kumshauri afuate njia nyingine kabla ya pesa kuteketea.

Masomo matatu ya lazima

Mwanafunzi wa KCSE anahitaji wastani wa C+ ili ahitimu kujiunga na chuo kikuu. Kwa uhandisi, wastani pekee hautoshi. Kwa kawaida hudaiwa angalau C+ katika Hisabati, Fizikia na Kemia, na baadhi ya vyuo huweka kiwango cha juu zaidi. Baada ya hapo, KUCCPS, asasi inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, huangalia alama za kundi la masomo manne yanayohusiana na kozi, ambapo alama ya juu kabisa ni 48. Mtoto anaweza kuwa na wastani wa B na bado akakosa nafasi kwa sababu aliiacha Fizikia akiwa kidato cha pili.

Kosa hilo hufanyika miaka mingi kabla ya chuo. Chini ya mfumo mpya wa elimu, linaweza kufanyika hata mapema zaidi. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walianza masomo Januari 2026 wakiwa tayari wamechagua mkondo. Wanaofuata mkondo wa sayansi na teknolojia husoma hisabati ya kina, ilhali wengine husoma hisabati ya kawaida. Hivyo basi, mzazi ambaye mtoto wake anaota kuwa mhandisi anapaswa kufuatilia uchaguzi huo kwa makini, si kungoja matokeo ya mwisho.

Kinachosomwa

Uhandisi unaohusu kilimo hufundishwa katika vyuo kadhaa, kikiwemo Chuo Kikuu cha Egerton kilichoko Njoro, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) kilichoko Juja, na Chuo Kikuu cha Nairobi. Majina ya kozi hutofautiana, lakini masomo ya mwaka wa kwanza hufanana sana. Mwanafunzi hukutana na hisabati ya vyuo, fizikia, kemia, uchoraji wa kihandisi, kazi za karakana, kompyuta na stadi za mawasiliano.

Wengi hushangaa. Walitarajia kuona matrekta na mabomba ya kunyunyizia maji, badala yake wanaketi kwenye ukumbi wa mihadhara pamoja na wenzao wa uhandisi wa ujenzi, wa mitambo na wa umeme, wakisoma kalkulasi na vekta. Baadhi hukata tamaa wakidhani wamepotea njia. La hasha. Masomo hayo ndiyo msingi wa kazi yote ya shambani itakayofuata.

Hesabu ya bwawa

Chukua mfano wa mkulima anayetaka kuchimba bwawa la kuvuna maji ya mvua. Juu, bwawa lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 15, na kina chake ni mita 3. Mwenye mashine ya kuchimba akizidisha 20 kwa 15 kwa 3, atadai alipwe kwa mita 900 za ujazo.

Lakini kuta za bwawa la udongo hazichimbwi wima, kwa sababu zitaporomoka. Zikilazwa kiasi kwamba katika kila mita moja ya kina ukuta unaingia ndani mita moja, sakafu itakuwa na urefu wa mita 14 na upana wa mita 9. Ukilikata bwawa hilo katika matabaka membamba kutoka chini hadi juu na kujumlisha ujazo wa kila tabaka, jambo ambalo ndilo kiini cha kalkulasi ya mwaka wa kwanza, unapata mita 621 za ujazo, yaani lita 621,000. Tofauti ni mita 279, karibu thuluthi moja ya malipo aliyodaiwa mkulima.

Fizikia nayo ina faida yake. Tuseme mkulima anataka kupandisha lita 2 za maji kila sekunde kutoka mtoni hadi kwenye tangi lililo mita 30 juu. Kilo 2 za maji zikipandishwa mita 30 kila sekunde huhitaji nguvu ya takriban wati 590. Pampu hupoteza nguvu, na maji husuguana na bomba. Tukichukulia kwamba nusu tu ya nguvu ndiyo inayofika kwenye maji, atahitaji injini ya karibu kilowati 1.2. Asiyeijua hesabu hii hununua pampu dogo lisilofikisha maji, au kubwa linalokunywa mafuta bure.

Kemia humfunza mwanafunzi kwa nini chumvi iliyomo kwenye maji ya kisima huharibu udongo, na kwa nini tangi la chuma hushika kutu haraka mahali pamoja kuliko pengine.

Mchoro na karakana

Uchoraji wa kihandisi ndio huwatoa jasho wengi, kwani ni shule chache za upili zinazolifundisha somo hilo. Mwanafunzi hutakiwa kuchora kifaa kimoja kikionekana kwa mbele, kwa juu na kwa ubavuni, vipimo vyote vikilingana. Mchoro ni lugha ya wahandisi. Fundi wa jua kali akipewa mchoro sahihi wa mashine ya kukata nyasi za mifugo, anaweza kuitengeneza bila mwenye kuibuni kuwapo. Mchoro ukiwa na kosa la milimita chache, shimo la ekseli halitaingiana na ekseli yenyewe, na chuma kitakuwa kimeharibika.

Karakanani, mwanafunzi hujifunza kupima, kupiga tupa, kulehemu, kukereza vyuma na kufanya kazi za seremala. Nia si kumgeuza fundi, bali kumfanya ajue ni kipi kinachoweza kutengenezwa na ni kipi kinachopendeza kwenye karatasi tu. Vijana waliozoea kutengeneza lango la zizi au kufungua injini ya pampu nyumbani huwa na nafuu hapa, hata kama hawakuwa wa kwanza darasani.

Wanapoteleza

Katika vyuo vingi vya umma, alama ya kupita ni 40 kwa mia. Inaonekana ndogo, lakini kasi ya masomo ni kubwa, na mambo yaliyofundishwa kwa mwaka mzima katika shule ya upili hupitiwa kwa wiki chache. Aliyeanguka hufanya mtihani wa marudio. Akianguka masomo mengi, hulazimika kurudia mwaka au hata kuondolewa kwenye kozi. Mwaka mmoja wa ziada humaanisha kodi ya nyumba, chakula na karo ambavyo familia haikuvipangia.

Aidha, masomo haya yameshikana kama pingu za mnyororo. Hisabati ya mwaka wa kwanza inahitajika ili kuelewa ya mwaka wa pili, nayo ya mwaka wa pili hutumika katika somo la mwendo wa maji, ambalo bila hilo huwezi kubuni mradi wa unyunyiziaji. Aliyepita kwa kubahatisha mwaka wa kwanza hulipa deni hilo baadaye.

Jambo jingine la kuchunguza ni utambuzi wa kozi. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya mwaka wa 2011, mhitimu husajiliwa na Bodi ya Wahandisi wa Kenya (EBK), na anahitaji uzoefu wa miaka isiyopungua mitatu kabla ya kuomba kutambuliwa kama mhandisi kamili. Siku za nyuma, wapo wahitimu waliokataliwa kusajiliwa kwa sababu ya mzozo kuhusu kozi walizosomea. Kesi yao ilifika hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi wake mwaka wa 2018. Ni heri kuiuliza bodi kuhusu kozi kabla ya kuichagua kuliko kwenda mahakamani baada ya kuhitimu.

Kabla ya kuuza ng'ombe

Kati ya mtihani wa KCSE na kuripoti chuoni hupita miezi mingi, na wengi huipoteza. Mtoto aliyepangiwa uhandisi aitumie kurudia hisabati na fizikia ya kidato cha tatu na cha nne. Apate kikokotoo cha kisayansi na vifaa vya kuchorea kama vile rula ya T na bikari, na ajizoeshe kuvitumia. Akipata nafasi ya kumsaidia fundi wa kulehemu aliye karibu, asiidharau.

Mzazi naye aulize maswali manne: je, mtoto alifaulu masomo matatu ya lazima kwa bidii yake au kwa kusukumwa? Kozi inatambuliwa na bodi? Kuna pesa za miaka mitano, ukiwemo mkopo wa HELB? Na mtoto anaipenda kazi yenyewe, au anapenda kuitwa mhandisi?

Majibu yakiwa ya kutia shaka, ipo njia ya vyuo anuwai. Stashahada ya uhandisi hudai wastani wa C-, huchukua muda mfupi zaidi na humpa kijana ujuzi wa mikono unaotafutwa mashambani. Akifanya vyema, anaweza kujiunga na chuo kikuu baadaye kupitia stashahada hiyo, kulingana na masharti ya chuo husika. Kijana wa aina hiyo huingia mwaka wa kwanza akiwa tayari amekwisha kuishika tupa mkononi.