Jani la Mgomba, Wali na Kisukari: Mlo wa Familia Kusini mwa India

Jumapili saa saba mchana, katika nyumba nyingi za jiji la Chennai, jamvi hutandikwa sakafuni na majani ya mgomba hupangwa juu yake kwa safu. Kila mlaji ana jani lake, na ncha yake nyembamba huelekezwa mkono wa kushoto. Mlaji hulinyunyizia maji, hulifuta kwa kiganja, kisha hungoja. Mwandazi hupita na ndoo ndogo za chuma, akianzia pembe ya juu: chumvi kidogo, achari, halafu mboga za aina mbalimbali. Wali huja baadaye na kuwekwa sehemu ya chini ya jani, karibu na mlaji, ambaye hula kwa mkono wa kulia.

Wali huo huliwa kwa awamu. Ya kwanza ni ya sambar, mchuzi mzito wa dengu za njano zilizopikwa kwa ukwaju, manjano, giligilani na mboga kama maganda ya mlonge, kisha ukaungwa kwa haradali na majani ya mchuzi yaliyokaangwa. Hufuata rasam, mchuzi mwepesi wenye ukwaju na pilipili manga. Mwisho ni wali kwa mtindi, unaotuliza ukali wa viungo. Siku za sherehe huongezwa payasam, ambayo ni maziwa au tui la nazi lililopikwa na wali au tambi pamoja na sukari.

Mla pwani wa Afrika Mashariki hawezi kuona ugeni mkubwa hapo. Jamvi analijua, ukwaju na nazi anavijua, na kula kwa mkono wa kulia alifundishwa utotoni. Hata dengu zile za njano ni mbaazi zilizokobolewa, zao ambalo wakulima wa Mtwara, Lindi na Manyara huliuza kwa wingi nchini India. Wagonjwa wa Kitanzania wanaokwenda Chennai kwa matibabu, pamoja na jamaa wanaowasindikiza, huweza kukutana na jani hili wakiwa bado na maswali mengi juu ya nini kiliwe na nini kiachwe.

Swali hilo wenyeji nao wanalo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kuwa watu wapatao milioni 101 nchini India wanaishi na kisukari. Kabla ya hapo, mwaka 2020, utafiti uliofuatilia zaidi ya watu 130,000 katika nchi 21 ulihusisha ulaji mkubwa wa wali mweupe na ongezeko la hatari ya kupata kisukari, na uhusiano huo ulikuwa na nguvu zaidi Asia ya Kusini. Kwa hiyo chakula kinachoikusanya familia ndicho hicho kinachoweza kumwelemea mmoja wao.

Watoa huduma wengi watautambua mfano ufuatao. Bibi mwenye umri wa miaka sitini na kitu anaambiwa ana kisukari. Familia, kwa mapenzi tu, inaanza kumpikia peke yake. Jumapili wengine wanapokaa jamvini, yeye ameshakula ugali wa ulezi jikoni tangu saa sita. Mkwewe anaamini amemlinda. Lakini bibi aliyezoea kuwaandalia wengine sasa anasikia vicheko kutoka chumba cha pili. Baada ya miezi michache anakula kidogo mchana, na usiku anaamka kuchota payasam iliyobaki. Anapopimwa, sukari imepanda, na kila mtu nyumbani anashangaa.

Kosa halikuwa la mapenzi. Kisukari kilitibiwa kama adhabu ya kutengwa, na mtu aliyetengwa hutafuta njia yake. Tena ulezi nao ni wanga: una nyuzinyuzi nyingi kuliko wali mweupe, lakini ukiliwa bila kipimo hupandisha sukari vilevile. Ushauri uliofaa ulikuwa kumrudisha bibi jamvini, na kupanga upya jani lake.

Hapo ndipo utaratibu wa jani unaposaidia. Kila mtu ana sehemu yake, na kila kilichowekwa kinaonekana. Mboga hufika kabla ya wali. Tafiti ndogo zimeonyesha kuwa mtu mwenye kisukari akianza na mboga na vyakula vya protini, kisha wanga ukafuata, sukari ya damu baada ya mlo hupanda kwa kiasi kidogo zaidi. Basi bibi na ale kwanza bamia, karela, maharage mabichi na sambar yenye dengu nyingi, kisha wali kidogo wa mara moja, badala ya awamu tatu. Nusu ya jani iwe mboga zisizo za wanga, robo iwe dengu, mtindi au samaki, na robo iliyobaki iwe wali. Viazi na muhogo vihesabiwe pamoja na wali.

Mambo mengine matatu yanahitaji uangalifu. La kwanza ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku, na achari na papadi hubeba sehemu kubwa ya kiasi hicho. Mwenye shinikizo la damu aziguse kwa ncha ya kidole tu, au aziache. La pili ni sukari guru. Wengi huiona kuwa ya asili na kwa hiyo salama, lakini ndani ya damu hufanya kazi kama sukari nyeupe. La tatu ni figo: mgonjwa aliyekatazwa potasiamu amuulize daktari wake kuhusu dengu, nyanya, ndizi na maji ya dafu kabla ya kufuata ushauri uliotolewa hapa.

Dawa nazo zina saa zake. Anayetumia insulini, au vidonge vinavyochochea kongosho, asimeze dawa kisha akangoja wageni kwa muda mrefu. Sukari inaweza kushuka ghafla, akatetemeka, akatoka jasho na kuchanganyikiwa. Baada ya mlo, kutembea taratibu kwa dakika 10 hadi 15 husaidia kupunguza sukari. Kwa watu wazima wengi wenye kisukari, kipimo cha saa moja hadi mbili tangu kuanza kula hutarajiwa kuwa chini ya milimoli 10 kwa lita. Na kwa kuwa chakula hiki huliwa kwa vidole, kila mmoja anawe kwa maji yanayotiririka na sabuni.

Kwa mtoa huduma, somo liko katika swali analomuuliza mgonjwa. "Unakula nini?" huleta orodha ya vyakula. "Unakula na nani, na nani anakupakulia?" huleta maisha yake. Mwandazi akijua kwamba kiganja kilichowekwa juu ya jani maana yake ni "inatosha", na asipolazimisha kwa jina la ukarimu, amekwisha kushiriki katika tiba.

Katika desturi ya Watamil, mlaji aliyeridhika hulikunja jani lake kuelekea upande wake. Kulikunja upande wa pili ni jambo la matanga. Bibi aliyerudi jamvini, akala kwa kipimo, akawasikia wajukuu wakigombea papadi yake, atalikunja kuelekea kwake. Kisha atainuka na kutembea kidogo uani, na mjukuu mmoja amshike mkono.